CD na mashine yake: tathmini ya chombo kilichoundwa kikijua kitachafuka

Mashine ninayoitathmini hapa ni ya mtindo wa zamani, ile inayofunguliwa kwa juu kama sufuria na yenye kidirisha cha plastiki angavu kwenye mfuniko, na nimeitumia muda wa kutosha kuzijua tabia zake njema pamoja na ukaidi wake. Sitaitaja kampuni iliyoitengeneza, kwa kuwa karibu kila nitakalolisema linazihusu mashine zote za jamii yake, na kwa kuwa kinachostahili kupimwa hasa si kasha hili bali diski yenyewe: kile kisahani cha sentimita 12 ambacho kampuni za Philips na Sony zilikubaliana viwango vyake mwaka 1980, na ambacho kilianza kuuzwa nchini Japani mwezi Oktoba 1982. Wengi huisifu CD kwa usafi wa sauti. Mimi naisifu kwanza kwa namna inavyouvumilia uchafu, na lawama yangu kubwa kwake inatoka papo hapo penye sifa hiyo.

Nianze na kidirisha, kwa sababu ndicho kilichonifanya niipende mashine hii kuliko zile zinazoimeza diski na kuificha. Mfuniko ukishafungwa, kichwa cha leza hukimbilia karibu na katikati ya diski, kikasoma orodha ya nyimbo na mahali kila wimbo unapoanzia, ndipo muziki ukaanza. Hapo diski huzunguka kwa kasi ya takriban mizunguko 500 kwa dakika, na maandishi ya lebo hayasomeki hata ukikaza macho. Ukirudi kuitazama wimbo wa mwisho unapopigwa, utaikuta imepoa hadi mizunguko kama 200, na kichwa kimeshafika karibu na ukingo. Santuri huenda kinyume: huanzia nje na kuja ndani, na kasi yake haibadiliki. CD hubadilisha mzunguko kwa sababu urefu wa mstari unaopita mbele ya leza lazima uwe ule ule kila sekunde, yaani kati ya mita 1.2 na 1.4, na duara la nje lina mstari mrefu zaidi kuliko duara la ndani.

Mstari huo ni mmoja tu, umejiviringisha mfano wa ukili wa mkeka wa duara kutoka ndani hadi nje, na ukinyooshwa unazidi kilomita 5. Umbali kati ya mzunguko mmoja na unaofuata ni mikrometa 1.6, kwa hiyo unywele wenye unene wa mikrometa 80 ukilazwa juu yake unafunika mizunguko 50 kwa pamoja. Rangi za upinde wa mvua unazoziona ukiigeuza diski chini ya taa zinatokana na ubanano huo. Mistari imekaribiana kiasi cha kuuchambua mwanga mweupe ukatoa rangi zake.

Ndani ya mstari kuna vishimo vilivyopigwa chapa kiwandani kwenye plastiki ya polikaboneti, kisha vikapakwa utando wa alumini ili viakisi mwanga. Kishimo kina upana wa takriban nusu mikrometa, na kina chake ni karibu robo ya urefu wa wimbi la mwanga wa leza ndani ya plastiki ile. Robo hiyo haikuchaguliwa ovyo. Leza ya CD hutoa mwanga wa nanometa 780, mwanga ambao jicho la binadamu karibu haliuoni, na ukishaingia ndani ya plastiki wimbi lake hufupika hadi nanometa 500 hivi. Doa la mwanga linalofika kwenye alumini ni pana kuliko kishimo, hivyo sehemu moja ya mwanga huakisiwa kutoka kwenye kishimo na sehemu nyingine kutoka kwenye tambarare inayokizunguka. Mwanga wa tambarare husafiri robo zaidi kwenda na robo zaidi kurudi, jumla nusu wimbi, na mawimbi mawili yaliyopishana kwa nusu hufutana. Panapokuwa na kishimo, basi, mwanga unaorudi hufifia. Penye tambarare tupu hurudi kwa nguvu. Jicho la mashine halitambui jambo jingine lolote zaidi ya kufifia huko na kung'aa huko.

Hapa nisahihishe dhana iliyozoeleka, kwamba kishimo ni sifuri na tambarare ni moja. Sivyo. Moja ni badiliko, yaani mahali kishimo kinapoanza au kinapoishia, na sifuri ni kila hatua inayopita bila badiliko, iwe ndani ya kishimo au juu ya tambarare. Mashine haiulizi iko wapi bali imekaa hapo kwa muda gani. Vishimo na tambarare vina urefu wa aina 9 tu, kuanzia takriban mikrometa 0.8 hadi takriban 3.5, na muziki wote uliowahi kuuzwa kwenye CD umeandikwa kwa herufi hizo 9.

Kuhusu namna sauti inavyogeuzwa kuwa tarakimu sitakawia, kwa kuwa ndiyo sehemu inayoelezwa kila mahali. Wimbi la sauti hupimwa kimo chake mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16 (biti ni tarakimu moja, ama sifuri ama moja), yaani kwa kuchagua thamani moja kati ya 65,536. Ili kulinasa wimbi bila kupoteza kitu ni lazima ulipime zaidi ya mara mbili ya masafa yake, na kwa kuwa sikio zuri la kijana huishia kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, kipimo cha 44,100 kinatosha na kubakiza nafasi ya kuchuja. Ajabu ya tarakimu hiyo ni asili yake: rekodi za awali za dijiti zilihifadhiwa kwenye kanda za video, na 44,100 iligawanyika vizuri katika mistari ya picha ya mifumo yote miwili mikubwa ya televisheni, ule wa picha 30 na ule wa picha 25 kwa sekunde. Mpaka leo tunasikiliza muziki kwa hesabu iliyopangwa na mashine za video zilizokwisha kutupwa.

Sasa nifike kwenye kiini. Diski hutiririsha muziki katika vifungu vidogo, 7,350 kwa kila sekunde. Kila kifungu kina biti 588 zilizoandikwa kwenye plastiki, lakini ukizihesabu zile ambazo kweli ni muziki utapata 192 tu. Yaani theluthi mbili ya kilichochongwa kwenye diski hutausikia kamwe. Mnunuzi anaweza kudhani amepunjwa. Kwa maoni yangu theluthi hizo mbili ndizo kitu bora zaidi alicholipia.

Sehemu yake ni gharama ya uandishi: kila biti 8 za muziki hubadilishwa kuwa mpangilio wa biti 14, zikaongezewa 3 za kuunganishia, ili vishimo visiwe vifupi mno kwa leza kuvitambua wala virefu mno hata mashine ikapoteza hesabu ya hatua. Mhandisi Mholanzi Kees Immink wa Philips ndiye aliyeubuni utaratibu huu. Sehemu nyingine ni alama ya kutambulisha mwanzo wa kifungu, na kidogo ni taarifa za namba ya wimbo na dakika zinazoonekana kwenye kioo cha mashine. Iliyobaki, nayo ndiyo inayonivutia, ni baiti (makundi ya biti 8) za ukaguzi: kwa kila baiti 24 za muziki zimeongezwa 8 ambazo kazi yake ni kugundua na kusahihisha makosa, kwa hesabu ambayo msingi wake uliwekwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960, wakati CD haijafikiriwa.

Wazo lenyewe linaweza kushikwa bila hesabu nzito. Nikikuandikia tarakimu 7, 4 na 9, kisha pembeni nikaandika jumla yake, 20, halafu tone la chai likaifuta ile 4, utaipata tena kwa kutoa: 20 ondoa 7 na 9. Jumla ile haikuwa sehemu ya ujumbe, lakini bila hiyo ujumbe ungepotea. Baiti za ukaguzi za CD ni jumla za namna hiyo, zenye ufundi mkubwa zaidi, kwa sababu zinaweza kuonyesha pia ni tarakimu ipi iliyoharibika hata kama hukujua.

Hata hivyo jumla moja haiwezi kuokoa tarakimu tatu zikifutika kwa pamoja, na mikwaruzo ina kawaida hiyo hasa: haigusi biti moja moja bali hufagia maelfu yaliyofuatana. Ndipo ikaja hila ya pili. Baiti za kifungu kimoja haziandikwi mahali pamoja. Hutawanywa katika vifungu zaidi ya 100, kwenye eneo la takriban sentimita 2 za mstari, zikichanganyika na baiti za vifungu vingine. Ni kama mfanyabiashara anayegawa kila shehena katika majahazi mengi: jahazi moja likizama, kila mteja amepungukiwa na gunia moja, na gunia moja linafidika, lakini hakuna mteja aliyepoteza mzigo wote. Mashine inapozikusanya upya baiti hizo, mkwaruzo mmoja mkubwa unakuwa makosa mengi madogo, na madogo ndiyo yanayosahihishika. Kwa utaratibu huu CD inaweza kurejesha, biti kwa biti, pengo la karibu milimita 2.5 kwenye mstari wake. Pengo likizidi hapo, mashine hukisia: huchukua kipimo kilichotangulia na kinachofuata, ikajaza wastani. Ikishindwa kabisa ndipo huinyamazisha sauti kwa kitambo.

Sikutaka kuyakubali haya kwa kusoma tu. Nilichukua diski nisiyoijali, nikakata tepu nyeusi ya mafundi umeme katika ukanda mwembamba wa milimita 1, nikaubandika upande unaong'aa kutoka tundu la kati hadi ukingoni, ili kila mzunguko lazima leza ipite juu ya giza. Nilisikiliza kwa spika za masikioni wimbo wenye kinanda peke yake, maana kinanda hakifichi kitu. Sikusikia tofauti yoyote. Nikabandika ukanda unaokaribia milimita 2; bado. Kwa ukanda wa milimita 4 mashine ilianza kugugumia, kichwa kikawa kinarudi nyuma na mbele kama mtu aliyepoteza mstari katika kusoma, na hatimaye ikakata tamaa na kuandika kwenye kioo kwamba hakuna diski. Nililiheshimu jibu hilo. Santuri yenye kikwazo cha upana wa milimita 1 ingelia kwa kishindo kila mzunguko.

Uvumilivu huu una msaidizi mwingine asiyetajwa sana, nao ni unene wa plastiki. Leza haiugusi uso wa diski. Mwanga wake huingia kwenye plastiki ukiwa doa la karibu milimita 0.8, ukaendelea kujikusanya kwa safari ya milimita 1.2, mpaka unapofika kwenye alumini umebaki doa la chini ya mikrometa 2. Vumbi au alama ya kidole iliyo juu ya uso, kwa hiyo, iko mbali na mahali jicho linapolenga, sawa na doa dogo kwenye miwani ambalo hulioni unaposoma. Kwa hoja hiyo hiyo upande wa lebo, ambao watu huulaza mezani bila wasiwasi, ndio dhaifu. Huko alumini imefunikwa na rangi na varnishi nyembamba tu, na mkwaruzo unaopita hapo haupotoshi mwanga bali huuondoa muziki wenyewe. Plastiki iliyokwaruzika chini inaweza kung'arishwa. Alumini iliyobanduka haina dawa.

Kazi ya lenzi nayo inastahili sentensi chache, hasa kwa anayenunua mashine iliyotumika. Hakuna diski iliyonyooka kabisa, wala tundu lililotobolewa katikati barabara. Diski inapozunguka, uso wake hupanda na kushuka na mstari huyumba kushoto na kulia kwa vipimo vikubwa mara nyingi kuliko upana wa kishimo. Lenzi hufuata miyumbo hiyo yote ikiwa imening'inizwa kwenye koili ndogo kati ya sumaku. Kipokea mwanga kimegawanywa katika sehemu nne, na doa la mwanga lililo duara huwa yai mara lenzi inapokuwa juu mno au chini mno, yai limelala upande huu au ule, kwa hiyo mashine hujua papo hapo ielekee wapi. Sehemu hii ndiyo inayochoka. Mashine yangu ilipoanza kukataa diski nzima nzima, tatizo halikuwa leza iliyokufa bali utando wa vumbi juu ya lenzi, na pamba laini iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti ilimaliza ugomvi. Fundi wa kwanza niliyempelekea alikuwa ameniambia nitupe mashine nzima.

Kuhusu sauti, hukumu yangu ni fupi. Biti 16 zinatoa tofauti ya takriban desibeli 96 kati ya kilio kikubwa kabisa na unong'ono wa mwisho, na chumba cha kawaida hakina utulivu wa kuweza kuitumia yote. Kasi ya diski ikiyumba kidogo haidhuru, kwa sababu data huingia kwanza kwenye hifadhi ndogo mfano wa tangi, kisha hutolewa kwa mpigo wa saa ya kioo cha kwatzi. Hivyo ule mlegeo wa sauti unaojulikana kwa kila aliyemiliki kaseti haupo kabisa. Nikisikia CD inayochosha masikio, namlaumu aliyeandaa rekodi. Kuanzia miaka ya 1990 ikawa desturi kuzikandamiza nyimbo ili zisikike kwa nguvu wakati wote, na desibeli 96 zikaachwa bila kutumiwa. Wanaouza kalamu za kijani za kupaka kingo za diski ili sauti iwe tamu zaidi wanauza kalamu: makosa yakishasahihishwa, tarakimu ni zile zile.

Nimesema lawama yangu inatoka penye sifa, na sasa niieleze. Kwa kuwa CD husahihisha kimyakimya, haikupi onyo. Kanda ya kaseti huchakaa mbele ya masikio yako. Sauti za juu hufifia, nawe unajua wakati umekaribia. CD inayooza hupigwa safi, mwaka baada ya mwaka, huku akiba ya masahihisho ikiliwa, mpaka siku makosa yanapozidi uwezo na wimbo unakatika. Mashine za kawaida, hii yangu ikiwemo, hazina taa wala tarakimu ya kuonyesha ni makosa mangapi yanasahihishwa kila sekunde, ingawa sakiti inayasahihisha na ingeweza kuyahesabu. Naliona jambo hili kuwa kasoro kubwa ya muundo. Kinachobaki kwa mwenye diski ni kuiinua mbele ya taa kali na kutafuta vitundu vya mwanga kwenye alumini. Vichache havina neno, lakini nikiona eneo lenye vitundu vingi kama chekecheke, au rangi ya kahawia inayotambaa kutoka ukingoni, nainakili siku hiyo hiyo.

Diski za kuchoma nyumbani ni hadithi ya huzuni zaidi. Hazina vishimo, zina rangi ya kikaboni ambayo leza yenye nguvu huichoma ili ipoteze uangavu, na rangi hiyo haipatani na jua. Nilinunua rundo moja la bei nafuu, nikahifadhi humo rekodi za sauti za familia nikidhani nimezitia salama, na baada ya miaka michache karibu nusu yake hazikusomeka. Matangazo ya mwanzo ya CD yaliahidi sauti ya milele. Diski iliyopigwa chapa kiwandani, ikitunzwa mbali na joto na unyevu, inajitahidi kuikaribia ahadi hiyo. Ya kuchoma ilijifunika ahadi isiyo yake kwa kuwa tu inafanana umbo.

Kwa hiyo ninawashauri wanunuzi waione CD ya kiwandani kuwa ununuzi mzuri hata sasa, hasa iliyotumika, na wasiogope mikwaruzo myepesi ya upande wa chini inayoelekea kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa kuwa leza huivuka mara moja na kuendelea. Waogope ile inayofuata duara, maana hiyo huambatana na mstari kwa urefu mrefu na kumaliza uwezo wote wa kusahihisha. Ndiyo sababu diski hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha mkono. Kuhusu mashine, naipa alama nzuri hii yenye kidirisha na mfuniko wa juu kwa sababu lenzi inafikika kwa pamba, naikata alama kwa vitufe vyake vigumu na kwa sekunde nyingi inazochukua kuisoma orodha ya nyimbo kabla ya kuanza.

Diski yangu moja yenye mkwaruzo wa duara ilikataa wimbo wa saba kwenye mashine hii na kwenye nyingine mbili. Niliitia kwenye kompyuta, kwa programu inayorudia kusoma kila kipande mpaka majibu yalingane, nikaiacha. Nyimbo sita za mwanzo zilinakiliwa kwa dakika chache. Wa saba ulichukua zaidi ya saa nzima, kichwa kikikwaruza na kunyamaza, kikikwaruza na kunyamaza, kisha ukatoka wote, pungufu ya mlio mmoja mdogo katika dakika ya pili.